Mguu Mmoja, Alama Mbili

Ndugu msomaji, kuna maswali ya maadili yanayokuja yamevaa suti, na kuna mengine yanayokuja peku. Yale ya suti tunayajua: haki ni nini, uhuru una mipaka gani, dhuluma inaanzia wapi. Tumeyajadili tangu shuleni kwenye midahalo na tukapigiana makofi. Haya ya peku hupita mlangoni tusiyaone, kwa kuwa hayana makuu. Leo nataka tulikaribishe moja la peku. Linasema hivi: mtu akikukabidhi kazi yake uisafishe, una haki ya kugusa kipi, na kipi hupaswi kukigusa mpaka umwulize mwenyewe?

Utasema, hilo nalo ni swali? Ni swali, bwana, tena lina meno. Nami sitalijadili hewani kama mgombea aliye jukwaani. Nitalishusha mpaka kwenye jambo dogo kabisa: alama za pedali ya piano zinapokanyagana ndani ya programu ya kuandikia muziki. Usikunje uso. Kama hujawahi kugusa piano maishani mwako, uko chama kimoja na watu wengi wa huku Ndalambo, na bado jambo hili litakuhusu kabla hatujafika mwisho.

KWANZA, PEDALI NI NINI?

Huku kwetu, kandokando ya barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga, muziki unaoandikwa ni muziki wa kwaya. Kanisa lina kwaya, kwaya ina mwalimu, mwalimu ana daftari. Ndani ya daftari mna herufi za solfa: d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huu ulienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, wamisionari wakaubeba, ukaja kukaa Afrika kama mtoto wa nyumbani. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliutumia mwaka 1897 kutunga wimbo ambao tuni yake ndiyo tunayoimbia wimbo wetu wa Taifa. Solfa ni mfumo wa watu wasio na kitu. Hauhitaji mistari mitano wala karatasi maalumu, na hata ukiwa na taipureta kuukuu utaiandika.

Lakini solfa haina pedali, kwa sababu koo la mwanadamu halina pedali. Mwimbaji akitaka sauti iendelee, anaendelea kuitoa mpaka pumzi imwishie. Mambo yalibadilika vinanda vilipoingia, na watunzi wetu wakaanza kumwandikia mpiga kinanda ukurasa wake kwa nota za mistari mitano.

Piano ya kweli ina nyuzi ndani. Ukibonyeza kitufe, nyundo ndogo inapiga nyuzi, na wakati huohuo kipande cha felti kilichokuwa kimezilalia kinanyanyuka ili zitetemeke. Ukiachia kitufe, kipande kinarudi na sauti inakufa. Vipande hivyo mimi naviita vizimio. Sasa, pedali ya kulia kazi yake ni kunyanyua vizimio vyote kwa mkupuo. Ukiikanyaga, kila ulichokipiga kinaendelea kulia hata vidole vikiwa vimeshaondoka. Ukiiachia, kimya. Kinanda cha umeme, kile tunachobeba begani kwenda nacho kwenye mkesha, kinaigiza hayo yote kwa swichi ndogo inayowekwa sakafuni, ambayo kila mara hukimbia chini ya kiti.

Karatasini, mtunzi humwambia mpigaji akanyage wapi na aachie wapi. Wengine huandika neno Ped. mahali pa kukanyaga na kuchora nyota mahali pa kuachia. Wengine huchora mstari chini ya nota, wenye kijiti kilichosimama mwanzoni na kingine mwisho. Mstari ukianza, shuka. Mstari ukiisha, inuka. Ni agizo rahisi kuliko maagizo yote ya muziki.

Rahisi, mpaka pale mistari miwili inapokanyagana.

MIGONGANO YA AINA MBILI

Mimi, baada ya kumaliza kidato cha nne, na wakati riwaya yangu ikinidai sura ya tisa, huchapia kwaya nyimbo zao kwenye kompyuta. Natumia MuseScore kwa sababu ni ya bure, na bure ndiyo bei ninayoimudu. Kazi hii imenifundisha kwamba alama zinaweza kugongana kwa namna mbili, na asiyezitofautisha atafanya dhambi huku akidhani anafanya usafi.

Namna ya kwanza ni mgongano wa nafasi. Neno Ped. ni pana. Nota zikiwa zimebanana, nyota ya kuachia inalalia neno Ped. linalofuata, na mpigaji haoni kitu ila doa la wino. Hapa hakuna aliyekosea. Mtunzi alisema achia kisha kanyaga, na ndivyo inavyosikika. Ni karatasi tu iliyokosa upana. Ukiisogeza nyota kidogo, au ukaipanua mita hiyo, au ukatumia mistari badala ya maneno, umemsaidia kila mtu na hukumnyang'anya mtu chochote. Ni sawa na kufuta vumbi kwenye kioo.

Namna ya pili ni mgongano wa wakati. Hapa mstari wa pili unaanza kabla wa kwanza haujaisha. Alama zinasema: ukiwa bado umekanyaga, kanyaga. Sasa niambie wewe, mguu utafanyaje? Mguu ni mmoja na pedali ni moja. Huwezi kushuka ngazi ambayo tayari umesimama kwenye kidato chake cha mwisho.

Mashine nayo haiwezi. Vinanda na kompyuta huzungumza kwa lugha inayoitwa MIDI, iliyoanza kutumika mwaka 1983. Katika lugha hiyo pedali ya kulia imepewa namba 64, na hali yake hutajwa kwa thamani kuanzia 0 hadi 127. Ikiwa chini ya 64, mguu uko juu. Ikiwa 64 au zaidi, mguu uko chini. Basi. Hakuna sehemu ya kusema mguu uko chini mara mbili. Kwa hiyo mistari ikikanyagana, agizo la pili la kushuka linapita bure, maana mguu tayari uko chini. Kisha mstari wa kwanza unapoisha, mashine inainua mguu, ingawa mstari wa pili bado unaendelea kwenye karatasi. Kuanzia hapo karatasi inasema sauti ziendelee, na masikio yanasema zimekatika.

Huu ndio mgongano wenye meno. Huwezi kuutibu kwa kusogeza wino, kwa sababu wino ndio uliobeba habari ya kwamba kuna jambo halijaamuliwa. Na asiyepaswa kuliamua peke yake ni wewe uliyeshika mausi.

KARATASI, SAUTI NA MOYO

Nitoe mfano mmoja niliouona kwa macho yangu. Niliwahi kuletewa wimbo wa kuagia marehemu, umeshachapwa na duka moja ambalo silitaji. Mwalimu wa kwaya alilalamika kwamba kompyuta ikiucheza unasikika vibaya, na mpiga kinanda akiupiga unasikika vibaya kwa namna nyingine. Ukurasa wenyewe ulikuwa safi kama shuka la hospitali. Katika mita ya tatu palikuwa na mstari wa pedali, ukaishia kabla ya kizuizi cha mita. Katika mita ya nne ukaanza mwingine. Kati yao nafasi nzuri, ya kupendeza.

Nilipofungua faili nikaona siri. Mstari wa kwanza ulikuwa umefungwa kwenye pigo la pili la mita ya nne. Yaani, kwa habari iliyomo ndani ya programu, ulikuwa unaukanyaga mstari wa pili. Mchapaji aliuona mgongano huo, akaishika ncha ya mstari kwa mausi, akaiburuta kushoto mpaka ikakaa vizuri machoni, akachapa, akapokea pesa yake. Ncha ilisogea kwenye kioo tu. Mahali ilipofungwa hapakusogea hata kidogo.

Tazama kilichotokea. Mita ya tatu ilikuwa na d, m na s. Mita ya nne s, t na r. Mashine ilifuata kile kilichofungwa ndani: ikashikilia mguu mpaka pigo la pili la mita ya nne, ikachanganya d ya zamani na t mpya, sauti mbili zinazokaa jirani na kusagana kama meno, kisha ikaachia ghafla na sehemu iliyobaki ya mita ikalia kavu. Mpiga kinanda yeye alifuata karatasi: akainua mguu kabla ya kizuizi cha mita, pakawa na pengo. Wimbo wa msiba ukapata kikohozi katikati.

Na mtunzi je? Wimbo ulikuwa wa mzee mmoja, mwalimu wa shule mstaafu, yupo hai, anaishi mbali kidogo na hapa. Nikampigia simu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri, Mwalimu. Samahani kwa kukusumbua. Ule wimbo wako wa kuaga, mita ya tatu kwenda ya nne, kwenye daftari mistari yako ya pedali imekanyagana. Ulitaka mpigaji afanyeje?"

Akanyamaza, nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema: "Nilitaka pasiwe na pengo, mwanangu. Sauti ya kwanza isiondoke mpaka imemshika mkono ya pili. Mguu wangu unajua, ila kalamu ndiyo haijui."

Msomaji, mimi nimesoma vitabu kadhaa, lakini maneno ya yule mzee juu ya kuandika bado yananifuata. Mguu unajua, kalamu haijui. Alichokitaka kipo, na wapiga piano wanakijua siku nyingi. Vidole vinapiga sauti mpya, na papo hapo mguu unainuka. Vizimio vinagusa nyuzi na kuua sauti ya zamani. Sauti mpya haifi kwa sababu vidole bado vimeibonyeza. Kisha mguu unarudi chini kuipokea. Yote hayo kwa muda wa kupepesa jicho. Hapana pengo wala matope. Sauti moja inakufa kwenye mlango ambao nyingine inazaliwa.

Na alama yake ipo. Mistari miwili inaunganishwa mahali pamoja, mwisho wa wa kwanza ukipanda kwa mshazari na mwanzo wa wa pili ukishuka kwa mshazari, ikawa kama paa dogo la nyumba. Paa hilo linasema: inuka na urudi, hapahapa. Katika MuseScore unachagua mstari wenye mwisho wa mshazari, unaufuatisha na wenye mwanzo wa mshazari, na zote mbili unazifunga kwenye nota ileile. Dakika mbili. Nikafanya hivyo, nikamchezea mzee kwa simu. Akasema, "Ndiyo huo."

NJIA TATU ZA KURAHISISHA, NA KILA MOJA INA MWATHIRIKA

Sasa hebu tujiulize: kama nisingepiga simu, ningefanyaje? Nilikuwa na njia tatu, na zote zingeonekana ni utaalamu.

Ningeweza kufupisha mstari wa kwanza, kwa kweli kabisa safari hii, ndani ya programu. Mashine na karatasi zingekubaliana. Lakini zingekubaliana kwenye pengo, jambo ambalo mzee alilikimbia.

Ningeweza kuunganisha mistari yote miwili ikawa mmoja mrefu. Hapo tena mashine na karatasi zingekubaliana, ila zingekubaliana kwenye matope, d na t zikipigana mpaka mwisho wa mita.

Au ningeweza kuifuta yote, nikasema mpigaji ataamua mwenyewe. Hii ndiyo njia inayopendwa na wavivu kwa sababu inafanana na unyenyekevu. Kumbe ni kutupa maneno ya mtu jalalani, kisha kusema umempa msomaji uhuru.

Unaona sasa? Njia zote tatu ni safi. Hakuna hata moja inayoacha alama zinazokanyagana. Na kila moja ni wimbo tofauti. Mchapaji ambaye hajui kwamba anachagua kati ya nyimbo tatu anadhani anapanga mistari.

Ndiyo maana mimi nasema kusafisha na kurekebisha ni vitu viwili. Kusafisha kunatazama jicho. Kurekebisha kunatazama mambo matatu: karatasi inasema nini, sauti inasema nini, na mtunzi alikusudia nini. Yakikubaliana matatu, kazi imekwisha. Yakipingana, kazi ndiyo kwanza inaanza, hata kama ukurasa unang'aa.

Sisi tuliozaliwa karibu na mpaka tunajua mistari safi inavyoweza kudanganya. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Kwenye ramani haukukanyaga kitu. Ardhini uliwapitia Wanyamwanga katikati, ndugu wakabaki upande huu na wengine wakawa upande ambao leo ni Zambia. Waliochora hawakumwuliza mtu. Sisemi alama ya pedali ni sawa na mpaka wa nchi, la hasha. Nasema mkono unaochora bila kuuliza ni uleule, ukubwa tu wa karatasi ndio unaotofautiana.

PINGAMIZI

Najua kuna rafiki yangu anasoma hapa huku akitikisa kichwa. Anasema: Wewe bwana, nani atajua? Kanisani watu wanalia, wanatafuta leso, nani atasikia sehemu ya sekunde ya pedali?

Namjibu hivi. Karatasi haikai kanisani mara moja ikaisha. Inapigwa picha kwa simu, inarushwa WhatsApp, inafika Vwawa, inafika Mbeya, inavuka hadi Nakonde. Baada ya miaka miwili hakuna anayekumbuka daftari la mzee. Nakala ndiyo inakuwa wimbo wenyewe. Uamuzi wa mchapaji asiye na jina, alioufanya umeme ukiwa karibu kukatika, unageuka kuwa sheria, tena chini ya jina la mtu mwingine. Mwizi wa kuku anajulikana kwa manyoya. Mwizi wa aina hii haachi manyoya, kwani anaacha jina la mwenye kuku palepale.

Na jambo hili linazidi kuwa kubwa. Finale, programu ya kuandikia muziki iliyotoka mwaka 1988 na kutumiwa na watunzi duniani kote, ilitangazwa Agosti 2024 kwamba haitaendelezwa tena. Wenye nyimbo za miaka mingi humo inabidi wazihamishie kwenye programu nyingine. Katika kuhama, kama ilivyo kwa fanicha, kuna miguu inayovunjika: mistari inaweza kufika imesogea, imerefuka, imekanyagana. Kila faili litapitia mikono ya mtu, mara nyingi kijana kama mimi na wewe, na kila mgongano utamwuliza: unaniondoa, au unaniuliza?

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mtunzi akiwa amekufa je? Nitampigia simu nani?

Hapa inabidi twende polepole. Kuna nyakati kutii alama neno kwa neno ndiko kunamwasi mtunzi. Mwaka 1801 Ludwig van Beethoven alitunga sonata ambayo watu baadaye waliipa jina la mbalamwezi. Aliagiza sehemu yake ya kwanza ipigwe vizimio vikiwa vimenyanyuliwa mwanzo hadi mwisho. Kwenye piano za wakati wake sauti zilififia upesi, kwa hiyo palipatikana ukungu mwepesi. Kwenye piano kubwa ya leo, ambayo sauti yake hudumu, ukimtii hivyohivyo utapata uji. Wapigaji wengi hubadilisha mguu taratibu kila sauti zinapobadilika. Wanavunja agizo ili walinde kusudi.

Lakini angalia jambo moja. Wanavunja kwa miguu yao. Agizo la Beethoven linabaki limeandikwa kwenye karatasi, ili mpigaji wa kesho naye alione na aamue. Na mhariri makini wa muziki akiongeza alama yake, huiweka ndani ya mabano ya mraba, au huchora mstari wa vipande-vipande, ili msomaji ajue: hili ni langu, lile ni la mwenyewe.

Kwetu Waswahili tunao mfano wa heshima. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, yalikuwa yanaishi midomoni mwa watu. Baadaye katika karne hiyo, Mwalimu Sikujua alimsaidia mmisionari William Taylor kuyakusanya na kuyafafanua, na diwani ikachapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Fikiria nafasi aliyokuwa nayo Sikujua. Muyaka hayupo, hawezi kuulizwa, na beti nyingine zimefumbwa kwa mambo ya mtaa na siasa za siku zile. Angeweza kuyanyoosha mafumbo yakawa maneno ya kawaida, na nani angejua? Ufafanuzi ulikaa kando. Fumbo likabaki fumbo ndani ya ubeti, na mwanga ukawekwa pembeni yake.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoifuata kwa mtunzi asiyeweza kujibu. Kwanza, weka kumbukumbu ya jinsi alivyoandika. Pili, chagua njia inayomkaribia zaidi, kwa kutazama sehemu nyingine za wimbo uleule alikofanya jambo kama hilo. Tatu, sema wazi kwamba umechagua. Sentensi moja chini ya ukurasa inatosha: katika daftari mistari hii imekanyagana, paa ni la mchapaji. Maneno hayo hayaharibu uzuri wa ukurasa, na anayekuja nyuma yako anakuta mlango uko wazi.

KWETU SISI TUNAOANDIKA

Basi, haya yanatuhusu nini sisi wa riwaya na mashairi?

Yanatuhusu sana. Kila mmoja wetu atapitia mikono ya mhariri, na wengi wetu siku moja tutakuwa wahariri wa wengine. Katika hadithi pia kuna migongano ya nafasi na migongano ya wakati. Nukta ikikaa pabaya, neno likichapwa mara mbili, herufi ikiruka, hiyo ni migongano ya nafasi. Sogeza, usimsumbue mtu. Lakini mhusika akisema anampenda mama yake, na ukurasa uleule anamkimbia, huo si uchafu wa kufuta. Huenda mwandishi alikosea. Huenda pia hapo ndipo moyo wa hadithi ulipo, na kalamu haikujua paa linachorwaje. Mhariri anayefuta moja ya sentensi hizo mbili ili mambo yaeleweke amechagua kati ya pengo na matope kwa niaba ya mtu aliye hai, mwenye simu.

Na kuna somo kwa mwandishi mwenyewe, lisije likaonekana ni la wahariri peke yao. Yule mzee alitaka vitu viwili kwa wakati mmoja: asiiache sauti ya kwanza, na aipokee ya pili. Sote tunataka hivyo. Tunaandika sura mpya huku tukiwa hatujaachia ya zamani, mhusika mpya anaingia wakati wa kwanza bado anarandaranda jukwaani hana kazi. Tunadhani kukanyaga mara mbili ndiko kushikilia zaidi. Pedali inatukatalia. Inasema hakuna kukanyaga upya bila kuinua kwanza, na siri yote ya ufundi ni kujua dakika ya kuinua: usiinue kabla vidole havijashika kipya, wala usichelewe mpaka cha zamani kikioze kipya. Hilo hakuna programu itakayokufanyia. Programu itakuonyesha tu mahali ambapo hujaamua.

Ndiyo maana siku hizi nikiona alama mbili zinakanyagana, siharakishi kuzitenganisha. Naziheshimu kwanza. Ni dalili kwamba hapo palikuwa na mtu anayetaka kitu ambacho hakujua kukiandika, na watu wa namna hiyo si wengi. Wengi wetu tunaandika vizuri vitu tusivyovitaka.

Makala haya nayo yatapita chini ya kalamu ya mhariri kabla hayajakufikia wewe. Ana haki, tena ana wajibu. Nukta zangu azisogeze apendavyo, herufi zilizoruka azirudishe, na shukrani nitampa. Ila akikuta mawazo yangu mawili yamekanyagana, namwomba asiyanyooshe kimyakimya. Namba yangu ya simu anayo.